Nyumba Nzuri, Watu Wako Wapi?

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, nisikilize kwanza. Kijana wa Dar es Salaam akienda Posta na hela kidogo mfukoni, hurudi na viatu vya mtumba, au angalau hurudi kashiba chipsi. Mimi nilirudi na bahasha kuukuu.

Nilikuwa nimechutama mbele ya mzee mmoja muuza vitabu vya zamani, wale wanaotandaza mali yao chini kando ya njia. Nikafungua kitabu cha Kijerumani, lugha ambayo sijui hata kuombea maji, nikakuta bahasha imebanwa katikati ya kurasa kama jani lililokauka. Barua haikuwemo. Muhuri wa posta ulikuwa wa mwaka 1949.

"Shikamoo mzee. Na hii unauza?"

"Marahaba. Nunua kitabu, hiyo nakupa nyongeza. Lakini we Kijerumani unakijua?"

"Sikijui, mzee."

"Sasa unanunua nini?"

Swali zuri. Siku ile sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu lake, japo limechelewa.

Juu ya bahasha palikuwa na stempu kadhaa, lakini moja ndiyo ilinikamata. Ilikuwa imeandikwa DEUTSCHE POST, na ndani yake mlichorwa jumba lenye kuta za mbele zinazopanda kama ngazi, kushoto na kulia, mpaka zinakutana kileleni. Kando yake palibandikwa stempu nyingine ndogo sana ya buluu, haina picha yoyote, ina maneno tu: NOTOPFER BERLIN. Nikaitia bahasha kwenye daftari, nikaenda zangu kwenye kikundi chetu cha kusomeana hadithi.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikasoma sura ya kwanza ya riwaya ninayoiandika tangu nimalize kidato cha nne. Sura yote inahusu nyumba ya marehemu babu pale Ilala: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza la saruji nyekundu, mwarobaini uani, na mlango ambao ukiusukuma unalia kama paka. Washikaji wakapiga makofi. Nikavimba kichwa, nikuambie ukweli. Kisha dada mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akasema: "Nyumba nzuri. Watu wako wapi?"

Nilikasirika. Nikarudi nyumbani, nikatoa bahasha, nikaitazama ile stempu kwa muda mrefu chini ya taa. Jumba zuri, limesimama wima, safi, halina hata ufa. Nikajikuta nauliza swali lile lile la yule dada. Basi nikaanza kutafuta, maktaba na popote nilipoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jumba lile linaitwa Römer, maana yake Mrumi, na liko Frankfurt, mji ulio kando ya mto Main. Mwaka 1405 halmashauri ya mji ililinunua pamoja na nyumba iliyo nyuma yake, ikaligeuza kuwa makao ya serikali ya mji. Kazi hiyo linaifanya mpaka leo. Mbele yake kuna uwanja uitwao Römerberg. Ukitaka kuijua habari ya jumba hili, usiangalie sana ukuta. Angalia uwanja.

Kuanzia mwaka 1562 makaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi walizoea kutawazwa Frankfurt, kanisani karibu na hapo, kisha wakaja kufanya karamu kwenye ukumbi wa juu wa Römer. Wa mwisho alikuwa Franz II, mwaka 1792. Siku za kutawazwa uwanja ulikuwa mali ya wananchi. Ng'ombe mzima alibanikwa pale pale, na chemchemi ikatiririsha divai badala ya maji. Mwaka 1764 kijana mmoja wa mji huo, mwenye umri wa miaka 14, aliyaona hayo kwa macho yake wakati Joseph II alipotawazwa. Alipozeeka aliyaandika katika kitabu cha maisha yake. Kijana huyo ni Johann Wolfgang von Goethe, ambaye Wajerumani humhesabu kuwa mwandishi wao mkubwa kuliko wote.

Mweke akilini huyo ng'ombe wa karamu. Tutakutana na wenzake.

Tuje mwaka 1933. Ndani ya Römer alikuwamo meya aliyeitwa Ludwig Landmann, aliyekuwa ameuongoza mji tangu 1924. Huyu bwana alikuwa na asili ya Kiyahudi. Hitler alishika madaraka Januari mwaka huo, na kufika Machi Landmann alikuwa ameshaondoka ofisini. Bendera ya Wanazi ikapepea juu ya jumba. Landmann baadaye alikimbilia Uholanzi, na huko alifariki Machi 1945 akiwa mafichoni, wakati vita imebakiza miezi miwili tu kwisha Ulaya. Mtu aliyetoa amri ndani ya jumba la stempu akafa amejificha kama mwizi, naye hakuiba kitu.

Usiku wa tarehe 10 Mei 1933 ikafika zamu ya vitabu. Katika miji mingi yenye vyuo vikuu wanafunzi walikusanya vitabu walivyoviita si vya Kijerumani na kuvichoma hadharani. Nirudie, msomaji: wanafunzi. Si wahuni wa mtaani wasiojua kusoma. Chama cha wanafunzi wa nchi nzima ndicho kilichopanga shughuli yenyewe. Frankfurt walikusanyika Römerberg, uwanja ule ule ulio mbele ya jumba la stempu yangu. Vitabu vililetwa kwa mkokoteni wa samadi, ukikokotwa na maksai. Hao ndio wenzake wa yule ng'ombe wa 1764. Mchungaji wa wanafunzi akahutubia, moto ukawashwa.

Vilivyochomwa usiku ule nchini Ujerumani vilikuwa vya watu kama Karl Marx, Sigmund Freud, Heinrich Mann na Erich Maria Remarque, yule aliyeandika habari za askari vijana wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kimoja kinanisumbua zaidi. Mwandishi Erich Kästner, ambaye watoto wa nchi nyingi wamesoma hadithi zake, alikuwa amesimama katikati ya umati kule Berlin, akatazama vitabu vyake mwenyewe vikitupwa motoni. Jaribu kujiweka pale. Wewe na mimi tunaohangaika kutafuta mchapishaji, tunadhani balaa kubwa kwa mwandishi ni kutosomwa. Kumbe lipo kubwa kuliko hilo.

Kutoka vitabu ikaja zamu ya watu. Frankfurt ilikuwa na Wayahudi wapatao 30,000 mwaka 1933, jumuiya ya pili kwa ukubwa Ujerumani baada ya Berlin. Anne Frank, msichana wa ile shajara inayosomwa dunia nzima, alizaliwa mji huo tarehe 12 Juni 1929, kabla wazazi wake hawajahamia Uholanzi. Oktoba 1941 wakuu wakaanza kuwasafirisha Wayahudi waliobaki. Mahali pa kuwakusanyia palikuwa chini ya soko la jumla la matunda na mboga, kwenye vyumba vya ardhini. Karibu watu 10,000 walipitishwa mle kuelekea ghetto na kambi za mauaji. Ni soko, jamani. Kama Kariakoo. Juu palikuwa soko la mboga, chini watu wakihesabiwa na kupekuliwa.

Halafu moto ukarudi kwa wenyewe. Machi 1944 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliupiga mji ule mara kadhaa. Usiku wa tarehe 22 ndio ulioimaliza Frankfurt ya kale. Watu wapatao 1000 walikufa. Mji wa zamani, uliojaa nyumba za mbao na udongo zilizobanana, uliteketea. Nyumba ya namna hiyo iliyobaki nzima katika mji wa kale ni moja tu, Haus Wertheim, karibu na mto. Wazima moto walimwaga maji pale bila kukoma ili watu wapate njia ya kukimbilia mtoni. Nyumba aliyozaliwa Goethe ikabomolewa siku hiyo hiyo, tarehe ambayo yeye mwenyewe alifariki miaka 112 nyuma, yaani 1832. Römer nayo ikaungua ndani. Ukuta wa mbele ukabaki umesimama, nyuma yake hakuna kitu cha maana.

Sasa tuitazame stempu upya.

Ilitolewa tarehe 1 Septemba 1948, miaka minne na nusu baada ya moto ule. Ujerumani ilikuwa imegawanywa kanda nne: ya Wamarekani, ya Waingereza, ya Wafaransa na ya Wasovieti. Kanda ya Wamarekani na ya Waingereza zilikuwa zimeunganishwa kiuchumi, na ofisi zake kuu ziliwekwa Frankfurt. Tarehe 20 Juni 1948 fedha ya zamani, ambayo ilikuwa haina maana tena, ilibadilishwa kwa fedha mpya, Deutsche Mark. Kila mtu alipewa mark 40 za kuanzia. Fedha mpya ilitaka stempu mpya. Mwanzoni posta iligonga chapa ya baragumu juu ya stempu za zamani, kwa haraka haraka. Miezi miwili baadaye ndipo zikatoka hizi za majengo.

Majengo yaliyochaguliwa yalikuwa matano: Römer ya Frankfurt, Kanisa la Mama Yetu la München lenye minara miwili, Kanisa Kuu la Köln, lango la Holstentor la mji wa Lübeck, na lango la Brandenburg la Berlin. Kila moja lilichorwa zima, kana kwamba hakijatokea kitu. Römer ilikuwa gamba. Kanisa la München lilikuwa limepoteza paa. La Köln lilikuwa limepigwa mabomu 14, ingawa halikuanguka. Holstentor ndilo lililosalimika, na huko nako katikati ya mji kulichomwa na mabomu ya Machi 1942.

Lango la Brandenburg lina kisa chake. Lilikuwa upande wa Berlin uliotawaliwa na Wasovieti. Yaani posta ya kanda za magharibi ilichapa picha ya lango lisilokuwa mikononi mwake! Na kumbuka wakati wenyewe. Tangu tarehe 24 Juni 1948 Wasovieti walikuwa wamefunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi. Watu zaidi ya milioni mbili wakalishwa kwa ndege mpaka Mei 1949, makaa ya mawe yakishushwa uwanja wa ndege kama magunia ya mahindi. Hapo nikaielewa ile stempu ndogo ya buluu. Kuanzia tarehe 1 Desemba 1948 kila aliyetuma barua katika kanda zile alilazimika kubandika na hiyo ya pfennig 2, mchango wa kuisaidia Berlin. Ukisahau, barua ina matatizo. Kodi hiyo iliendelea mpaka Machi 1956.

Kwa hiyo bahasha yangu ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Stempu kubwa ikisema: tazameni, nyumba yetu imesimama. Stempu ndogo ikisema: hali ni mbaya, changieni.

Mwanzoni niliposoma haya nilitaka kusema stempu ni uongo mtupu. Nikaandika hivyo kabisa, nikafuta. Maana nilijiuliza: mtu anayelala kwenye chumba cha chini ya kifusi, na watoto wana njaa, utamchorea nini kwenye stempu? Kifusi? Anakiona kila asubuhi akitoka. Ile picha ilikuwa ahadi. Ilimwambia kwamba iko siku atauona tena mji wake mzima. Na ahadi yenyewe ilitimia. Römer ilifunguliwa upya mwaka 1955. Nyumba za mbao za upande wa pili wa uwanja zilijengwa tena kwa sura ya zamani miaka ya 1981 hadi 1984, na kati ya 2012 na 2018 mji ukajenga upya mtaa mzima wa kale kati ya Römer na kanisa kuu. Mgeni akifika leo anaweza kudhani haujawahi kuwaka hata kibiriti.

Shida haiko kwenye ahadi. Shida iko kwenye kinachoachwa nje ya mchoro. Moto wa 1944 ulikuwa rahisi kuuhurumia, kwa sababu ulitoka angani, ukaletwa na wageni. Ule wa 1933 uliwashwa na watoto wa nyumbani, uwanjani kwao, watu wakitazama. Kuta zilipata kuchorwa upya miaka minne tu baada ya kuungua. Ukumbusho wa vitabu uliwekwa pale Römerberg mwaka 2001. Piga hesabu mwenyewe: tangu 1933 ni miaka 68.

Na tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao huko kwao. Wajerumani hao hao walipotawala nchi yetu walitutengenezea stempu. Tangu mwaka 1901 stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa na picha ya meli ya starehe ya Kaiser, Hohenzollern. Picha ile ile iliwekwa kwenye stempu za makoloni yao mengine, jina la nchi tu likibadilishwa. Bei iliandikwa kwa pesa na rupia, na kuanzia 1905 kwa heller. Mwaka huo huo wa 1905 vita ya Maji Maji ilianza kusini. Vijiji vikachomwa, njaa ikaua, na barua ziliendelea kupita zimebandikwa meli nyeupe inayoelea kwenye bahari tulivu. Mwenye kuchapa stempu ndiye anayechagua dirisha la kuchungulia.

Lakini Frankfurt kuna jambo moja lililonifanya niiheshimu Römer kuliko stempu yake. Tarehe 20 Desemba 1963, ndani ya jumba lile lile, kwenye ukumbi wa mikutano wa madiwani, ilifunguliwa kesi dhidi ya watu 22 waliofanya kazi katika kambi ya Auschwitz. Aliyeisukuma kesi hiyo mpaka ikafika mahakamani alikuwa Fritz Bauer, mwanasheria mkuu wa jimbo la Hessen. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi aliyewahi kufungwa na Wanazi na kukimbilia uhamishoni. Aprili 1964 kesi ilihamishiwa ukumbi mwingine uliokuwa umekamilika, na hukumu ikatolewa Agosti 1965. Mashahidi walikuwa zaidi ya 350, na zaidi ya 200 kati yao walikuwa wametoka hai kambini. Waliingia, wakakaa mbele ya watu wa kawaida kabisa. Kati ya washtakiwa alikuwamo mfamasia, walikuwamo madaktari wa meno, watu waliorudi makwao baada ya vita wakaendelea na kazi na kulea watoto. Mashahidi wakasema: huyu. Nilimwona. Alisimama pale.

Wajerumani wengi hawakuitaka kesi ile. Walisema yamepita, kwa nini kuchokonoa kidonda? Bauer akachokonoa. Mwaka 1948 jumba lilisimama kwenye stempu bila watu. Mwaka 1963 watu wakaingia ndani na majina yao, na wengine wakalia.

Sasa nirudi Ilala, maana nimeahidi jibu.

Nyumba ya babu nimeieleza vizuri sana kwenye sura ya kwanza, na kila nilichoandika ni kweli. Baraza lilikuwa jekundu. Mlango ulikuwa unalia. Lakini babu alipofariki, watoto wake wa kiume walikaa kikao, wakaiuza. Shangazi yangu, ambaye alikuwa ameachika na anaishi mle na wanawe watatu, hakuitwa kwenye kikao. Siku mnunuzi alipokuja, vitu vya shangazi vilitolewa nje, vikawekwa chini ya mwarobaini. Mvua ilikuwa inanyunya. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama barazani. Kabati lake lilikuwa zito, likabebwa na watu wawili. Mmoja wao alikuwa baba.

Hilo sikuliandika. Niliandika mwarobaini, nikaacha kabati.

Baba yangu si mtu mbaya. Ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha nne, na anajua naandika. Juzi nilimuuliza habari za siku ile. Akanyamaza, akakunja gazeti, akasema, "Mwanangu, hayo yamekwisha. Andika mambo ya maana." Nikasema, "Sawa, baba." Sikubishana naye. Kwetu mtoto hambishii mzazi usoni. Shangazi naye nilipomtembelea hakusema neno juu ya nyumba. Aliniuliza tu, "Ule mwarobaini bado upo?" Nikamwambia walishaukata. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Silinganishi kabati la shangazi na Auschwitz. Anayelinganisha hivyo hajui alisemalo. Ninachosema ni kwamba mkono unaoacha kitu nje ya picha naufahamu. Ni mkono huu ninaoshikia kalamu.

Basi, mzee wangu wa vitabu, uliniuliza nanunua nini. Nilinunua ukuta, na nikajifunza kuuliza uwanjani palitokea nini. Jana usiku nimechana sura ya kwanza. Sikuichana yote, baraza jekundu nimeliacha. Lakini sasa riwaya inaanzia nje, chini ya mti, mvua inanyunya, mwanamke amesimama na wanawe watatu, na wanaume wawili wanatoka mlangoni wamebeba kabati. Mmoja wao nimempa sura ya baba. Jina bado sijampa.

Jumamosi ijayo zamu yangu tena. Nitasoma. Nikishamaliza, nitaupeleka mswada nyumbani, niuweke mezani karibu na gazeti lake.